Mafiga ya Emiliana Msituni

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Emiliana,

Daftari la vipimo vya nguo limejaa, nimefungua jipya. Kurasa hizi za mwanzo ni zako.

Jana baada ya ibada kwaya ilikutana. Tunapanda msituni Ijumaa, Nane Nane, kulala usiku mmoja kama kila mwaka. Mama Cecilia akauliza sufuria kubwa italetwa na nani. Wote wakaniangalia mimi. Nikasema nitaleta.

Halafu Abeli akatuambia amesikia moto umepigwa marufuku. Kulala ruksa, kuwasha moto hapana. Cecilia akasema yeye hapandishi magoti yake huko kwenye baridi ya Agosti bila chai. Sauti ya pili yote ikamuunga mkono. Nikatumwa mimi nikaulize ofisi ya misitu. Eti mimi mpole, sitagombana na mtu.

Sikuwaambia ninachotaka. Nataka moto uwake tena kwenye mafiga yako, kule juu kijitoni. Mara moja tu. Mawe yale matatu uliyachagua mwenyewe mwaka wa kwanza, ukiwa na mimba ya Rose. Ukakataza mtu kuyasogeza. Mafiga ya mwanamke hayashikwi na mwingine, ulisema, na mimi ukanikataza. Miaka ishirini na sita sijayagusa.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda. Afisa misitu ni binti, anaitwa Anyitike, mtu wa Mbeya. Kanipa shikamoo na kiti. Nikamwambia nataka kujua kama moto unaruhusiwa tukipiga kambi. Kasema nimefanya vizuri kuuliza mapema, wengine huuliza wakishakamatwa.

Kulala ruksa, kibali kaniandikia hapo hapo. Lakini kuwasha kuni popote mtu anapopenda, hapana. Nyasi zimekauka, upepo mkali. Mwaka jana watu walichoma viazi tu, kilima kizima kikaungua. Akaanza kusema habari ya sehemu fulani, simu yake ikaita. Nyuma yangu foleni. Nikaona haya kumngoja, nikaaga.

Njiani nikapata akili. Kilichokatazwa ni kuni. Basi tubebe jiko la mkaa, nalo nitaliweka katikati ya mafiga yako. Nimenunua gunia dogo. Nimerudi napiga mluzi. Ule wako, unaoishia juu.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeosha sufuria. Chini kuna masizi ya mwaka juzi, kabla ya msiba wako, upande mmoja mazito kuliko mwingine. Wewe ulikuwa unachochea kuni upande wako tu. Nilishika steelwire nisugue, nikaiweka.

Rose amepiga simu kutoka Dodoma. Ameuliza kama nakula. Nimesema nakula, na ni kweli. Leo ugali wa uwele na mlenda, nikamaliza wote.

Ijumaa, 8 Agosti. Saa saba mchana

Tumezuiwa.

Mlinzi wa kizuizi ni Mazengo, yule niliyemshonea suti ya harusi, ukamfunga tai wewe. Aliangalia kibali, akatuhesabu, akasema tupite. Kisha akaona gunia mgongoni kwa Abeli. Uso ukambadilika.

"Fundi," akaniambia taratibu, "nikikukuta na mkaa huko ndani, nitajuaje kama umeununua au umeuchoma?"

Sikuwaza kabisa. Cecilia alicheka mpaka akakaa chini. Akasema watu wote wanaiba mkaa kwa kuushusha, fundi wetu peke yake anaupandisha. Hata Mazengo alicheka, ila gunia akaliingiza kibandani kwake. Akampigia simu afisa wake.

Anyitike kaja na pikipiki, siku ya sikukuu. Nikamwomba radhi. Kasema kosa ni la simu yake, kisha akamalizia alichokuwa anakisema Jumanne. Moto unaruhusiwa sehemu moja: huu uwanja uliofyekwa hapa kizuizini. Udongo mtupu. Kuni zilizoanguka zenyewe. Ndoo mbili za maji pembeni, na mtu wa kuulinda mpaka majivu yapoe uweze kuyashika. Kule kijitoni, hapana. Jiko, kuni, hata mshumaa.

Kwaya ikashangilia. Wakaanza kutua mizigo. Mimi nikabaki nimeshika sufuria.

Anyitike akaniuliza, baba, mbona wewe hutui mzigo? Nikamweleza kuhusu mafiga. Nilisema kwa maneno machache, ulivyozoea. Aliangalia juu kule kwenye nyasi.

"Moto siwezi kukupandishia, baba. Lakini mawe sijayakataza kushuka."

Saa kumi na nusu

Nimeshusha mawili. Sasa nimerudi kwa la tatu, nimekaa juu yake, napumzika.

Yule binti anasema kweli, Emiliana. Nyasi zimezunguka mafiga yako mpaka magotini, zinalia kama karatasi. Cheche moja ingetosha. Sisi tulikuwa na bahati tu miaka yote ile.

Kabla ya kugusa la kwanza nilikuomba ruhusa kwa sauti. Nikangoja kidogo. Nikalibeba kifuani, upande wenye masizi ndani, na shati jeupe la kwaya limechafuka vibaya. Ungenisema. Sijalipangusa.

Hili la tatu ndilo kubwa, lililokuwa upande wako. Ulikuwa unaliegemeza goti ukisonga ugali. Mzizi wa mti umepita chini yake ukalishika. Nimeufukua udongo kwa mwiko wako, hakuna kingine nilichonacho. Mzizi sitaukata. Sikuuliza kama kuukata kunaruhusiwa.

Huko chini wanafanya mazoezi. Nasikia sauti ya pili, nyembamba bila wewe, lakini haikosei. Abeli amepanda mara moja kuniambia kuni zipo, ndoo zipo, maji ya chai yapo. Anasema Mazengo aliwaletea tofali liwe figa la tatu, sufuria ikae, watu wapate chai. Cecilia akamrudishia tofali lake. Kasema wanangoja. Yeye na magoti yake, kwenye upepo huu.

Nimemwambia Abeli ashuke, hili nalitoa mwenyewe.

Jua bado lipo juu ya kilima. Nimesukuma tena sasa hivi, nimelisikia likicheza kidogo.

Usikasirike, mama Rose. Anayeligusa ni mimi. Likishuka, ukauona moshi chini badala ya hapa ulipouzoea, unikumbuke.