Mama, Tafadhali Simama Kidogo

Jumamosi, jioni. Upepo wa Kitengela umepuliza vumbi tangu asubuhi na sasa umetulia, kama mtu aliyechoka kusema.

Ninaandika haya nikiwa nimeketi.

Kwa anayesoma ukurasa huu mara ya kwanza, hiyo haionekani kuwa habari. Lakini mara ya mwisho niliandika nikiwa nimelala kifudifudi kitandani, simu nimeiegemeza kwenye mto, na kila nilipojigeuza nilivuta pumzi kupitia meno. Ile ilikuwa jioni ya siku ya Kisaju.

Mjomba wangu aliniachia baiskeli alipohamishwa kikazi. Vijana wa kanisa letu huendesha pamoja Jumamosi asubuhi, na kila likizo hupanga safari moja ndefu, kutoka hapa Kitengela hadi Kajiado mjini. Nilipojiunga nao hakuna aliyeamini, hata mimi. Mimi ni mtu wa kukaa kiti cha nyuma na kitabu. Darasani najua jibu na sinyooshi mkono. Tena mimi ni mnene. Ninaliandika neno hilo waziwazi kwa sababu ndilo neno lenyewe, na limeshachoka kuzungukwa.

Juu ya baiskeli, hata hivyo, hakuna anayenitazama usoni akisubiri niseme kitu. Ninapita tu. Ninaweza kujisimulia kitabu kizima kichwani toka mizani ya malori hadi nyumbani. Sijawahi kupata furaha ya namna hiyo mahali pengine nje ya kurasa.

Sasa, Kisaju. Hiyo ilikuwa safari ya mazoezi. Nilivaa sketi na soksi ndefu za kubana, na tulipofika sokoni Kisaju mapaja yangu yalikuwa yamesuguana mpaka ngozi ikaondoka. Kukaa kwenye kiti sikuweza, kutembea pia sikuweza. Nilirudi nyumbani nyuma ya pikapu ya muuza nyasi, nikiwa nimesimama, nimeshika baiskeli yangu kama mtu anayemshika ndugu yake aliyelewa.

Mama aliniona nikivuka uwanja. Akaniosha, akanipaka mafuta, ndipo akasema.

"Mwende, utaenda hiyo ya Kajiado kwa sababu ulishasema utaenda. Lakini ukirudi tena hivi, hii baiskeli inaenda Machakos kwa binamu yako."

Mama hatishi watu. Yeye hutoa ratiba.

Nikafanya ninalofanya kila ninapoogopa. Nikasoma. Kumbe duniani kuna watu wengi wenye miili kama wangu wanaoendesha baiskeli, na wanaandika kwa upole sana kuhusu kaptura. Wanasema iwe ndefu karibu na goti, iwe na lastiki pana isiyouma, na hapo unapokalia iwe imeshonewa sponji. Niliangalia bei ya mpya nikafunga ukurasa haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mwenyewe yumo. Na hata ile waliyoiita kubwa kabisa ilikuwa ya mtu wa kawaida aliyekula vizuri Krismasi.

Kwa hiyo Alhamisi moja nikaenda soko la mitumba na rafiki yangu Njeri. Njeri ni mwembamba na anaongea kwa niaba yetu sote wawili.

Tulimpata Mama Shiru, ambaye huuza nguo za mazoezi zilizomwagwa juu ya turubai. Nikaona kaptura nyeusi ya baiskeli, nikaiinua, nikawa sijui nifanye nini nayo. Mama Shiru akanionyesha kama anavyoonyesha kila mtu, kwa sababu pale hakuna chumba cha kujaribia. Unashika kiuno cha nguo, unakizungusha shingoni mwako, na ncha zikikutana nyuma ya shingo basi nguo inakutosha.

"Imefika," Njeri akasema. "Lipa twende."

Ilifika kweli. Nilikuwa na haraka ya kuamini kwa sababu watu walikuwa wakipita.

Nyumbani kaptura ilipanda mpaka juu ya magoti ikakataa. Nilipoilazimisha, kiuno kilikubali, lakini miguu ya kaptura ilinibana mpaka nikamwagika pande zote kama unga wa mandazi uliosahauliwa kwenye sufuria. Nilijiangalia kwenye kioo cha Mama. Nilidhani nitalia, nikashangaa ninacheka. Kitu chenye lastiki kinaweza kuzunguka shingo ya yeyote, hata ya ng'ombe.

Nilichelewa juma zima kuirudisha. Niliogopa kusema mbele ya watu kwamba haikunitosha. Hatimaye Njeri alinivuta mkono.

Mama Shiru wala hakukasirika. "Pole, mrembo. Shingo inajua kiuno. Mapaja haijawahi kukutana nayo." Akainama kwenye rundo akachimbua kama mtu anayevuna viazi. Akatoa kitu kikubwa cheusi chenye kanda mbili za mabegani, kama za suruali ya bwana harusi.

"Hiyo ni ya mieleka," Njeri akasema.

Mimi nilijua ni nini. Nilikuwa nimesoma. Zile kanda huifanya kaptura isishuke wala isikate tumbo. Kwenye paja kulikuwa na maandishi ya lugha nisiyoijua na picha ndogo ya mlima. Ilikuwa ya mwanamume, mwanamume mkubwa hasa. Nilisimama pale sokoni nikamfikiria. Mahali fulani penye baridi kuna mzee mwenye tumbo na mapaja ya heshima ambaye alipanda mlima ule akiwa amevaa nguo hii, akashuka, akaifua, na siku moja akaitoa. Sijui jina lake. Namshukuru kila nikikumbuka.

"Safari hii hatupimi shingo," Mama Shiru akasema. "Vaa tuone."

Akamwita mwenzake wa turubai ya jirani, Mama Ken, wakanizungushia leso mbili. Niliivaa chini ya sketi yangu, nikisubiri mtu acheke. Mama mmoja mteja, mnene kunizidi, alichungulia uso wangu juu ya leso.

"Usiogope, msichana. Sisi wote tunavaa baika ndani ya marinda. Unafikiri tunatembeaje hapa sokoni na hili jua?" Akainua upindo wa rinda lake kidogo nikaona ncha nyeusi ya kaptura juu ya goti. Mama Ken akainua lake. Mama Shiru naye pia.

Nilikuwa nimeishi miaka yote hii nikidhani ni mimi peke yangu ninayesuguana.

Na kaptura ilinitosha. Ilipanda bila vita, ikakaa. Nikachuchumaa nikasimama. Nikataka kuimba. Kisha nikapapasa mahali pa sponji nikakuta hakuna kitu. Palikuwa na shimo lililokatwa na kufungwa kwa uzi wa haraka.

"Mama Shiru, hapa kulikuwa na kitu."

"Ile nepi? Nilitoa. Nilifikiri ni za wagonjwa. Nani atanunua kaptura iko na nepi? Huwa nakata, nauza hivyo, akina mama wananunua."

Njeri akaniangalia. Nikamwangalia Mama Shiru, ambaye sasa alikuwa amerudi kwenye stuli yake. Juu ya stuli kulikuwa na mto. Ulikuwa umeshonwa kwa vipande vya sponji vya rangi mbalimbali, kila kimoja na mabawa mawili kama kipepeo. Nilikuwa nimetazama picha za maumbo hayo usiku na mchana. Kipepeo cha rangi ya machungwa kilikuwa kimechungulia pembeni, na uzi wa kaptura niliyovaa ulikuwa wa machungwa.

Mama Shiru alikuwa ameikalia safari yangu ya Kajiado.

Ningeweza kunyamaza. Kunyamaza ndiko ninakojua zaidi. Niliivua, nikalipa nyongeza, nikachukua mfuko, nikapiga hatua kama mbili hivi, nikaiona baiskeli yangu ikipelekwa Machakos, imeegemezwa ukutani, imeota kutu kwa sababu binamu yangu anapenda mpira tu. Nikageuka.

"Mama, tafadhali simama kidogo."

"Nini?"

"Simama. Hicho unachokalia ni cha hii nguo."

Mama Ken alicheka mpaka akashika nguzo. "Mteja amenunua nguo, sasa anataka na kiti."

Nikaeleza. Sijui maneno yalitoka wapi. Niliwaambia kwamba ile si nepi, kwamba ni ya kumkinga mtu asiumie kwenye kiti cha baiskeli, kwamba watu wanazitafuta na zikiwa mpya hazishikiki kwa bei. Wateja walisimama kusikiliza. Mimi, watu wakanisikiliza mimi, na sauti haikukatika.

 Mama Shiru akasimama, akautazama mto wake kwa huzuni kidogo.

"Kumbe nimekalia mali," akasema, akaomba wembe kwa Mama Ken.

Alikitoa kipepeo changu yeye mwenyewe, polepole, na hakunitoza chochote. Alisema tu nikirudi salama nije nimwambie kama kweli kinafanya kazi, ndipo aache kukata vingine.

Mama hushona suruali kiwandani huko Athi River, suruali zinazopelekwa ng'ambo. Nilipomwonyesha kaptura aliikunjia uso kwanza. Kisha akaigeuza ndani nje, na hapo nikaona uso wake unabadilika. Aliufuata mshono kwa kidole kama ninavyofuata mstari wa kitabu.

"Huu mshono umelala. Hausugui," akasema kwa sauti ya chini. "Na huyu aliyekata, alikata na kisu ya mkate?"

Akaketi kwenye cherehani yake ya nyumbani, mchana ule ule, akarudisha sponji. Ukipitisha mkono husikii ilipokuwa imekatwa. Akanipa, akaniangalia, akasema, "Sketi juu."

Basi ndiyo hivyo. Leo tumeenda.

Nilivaa kaptura ya yule mzee wa mbali, na sketi juu yake. Tulishika barabara ya Namanga asubuhi, malori ya saruji yakitupita na upepo wake. Nilisubiri maumivu. Tulipokaribia Kisaju nilianza kuyatafuta, kama ulimi unavyotafuta jino bovu. Hayakuwepo.

Kilichokuwepo ni sketi. Upepo wa Kisaju uliijaza, ikanivuta upande, kisha ikaingia kwenye cheni. Nilisimama palepale pa siku ile, karibu na soko. Lemayian, anayetuongoza, alinisaidia kuitoa akaenda zake mbele bila kusema neno, na ninamheshimu kwa hilo. Nilibaki nimeishika mkononi, imejaa grisi. Nikafikiria wale akina mama na mapindo yao.

Nikaifunga sketi kwenye usukani. Nikapanda.

Barabara nzima ya Namanga iliyaona mapaja yangu, na barabara ikaendelea na shughuli zake. Mbele kidogo wanawake wawili waliokuwa na punda wa maji walitusalimia, "Supa." Nikaitika, "Ipa." Mmoja alisema kitu kwa Kimaasai, mwenzake akacheka, na mimi nikajua ni kuhusu mimi. Nilikazana nikamfikia Lemayian nikamuuliza amesema nini.

"Amesema hiyo baiskeli leo imepata mtu."

Nilikula maneno hayo njia yote. Baada ya Isinya miguu iliungua, pumzi ilikuwa kama ya nguruwe, lakini huko ni kuchoka. Kuchoka si kuumia. Sikuwahi kujua tofauti hiyo hadi leo.

Kajiado tuliingia hotelini tukaagiza chai na maandazi. Wengine walisimama wakinyoosha viungo. Mimi nilikaa. Nilikaa kwenye benchi la mbao kama malkia na nikaongeza chai.

Tulirudi na lori lililotoka soko la mifugo la Bisil, baiskeli upande mmoja na mbuzi upande wa pili. Nilikuwa nikitazama mawingu nikajisahau. Mbuzi mmoja akatafuna upindo wa sketi yangu kwa utulivu mkubwa.

Mama alikuwa mlangoni. Aliiona sketi kwenye usukani, grisi yake na tundu lake. Aliniona nilivyovaa. Nikajiandaa.

"Tembea," akasema.

Nikatembea hadi kwenye tangi la maji nikarudi.

"Tena."

Nikatembea tena. Nilitembea kama mtu. Mama alinitazama miguu, kisha akaichukua baiskeli. Akaisukuma ndani. Akaiegemeza sebuleni, kando ya cherehani, akaipangusa vumbi kwa kile kilichobaki cha sketi.

"Hapo nje itapata umande," akasema.

Baadaye, tulipokuwa tukila, akaniuliza bila kuinua macho kama yule mama wa sokoni alikuwa na sponji nyingine kwenye ule mto. Nikamuuliza za nini. Akasema kiwandani wanakalia benchi la mbao, yeye amelikalia tangu mimi niko mdogo, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama linauma.

Sikuwahi kumuuliza.

Alhamisi nitarudi sokoni kumpa Mama Shiru majibu yake, kama nilivyoahidi. Nitamwambia kinafanya kazi. Kisha, kwa sauti ile ile, nitamwomba asimame tena.