Mguu Huu Hukuuroga Wewe

Mpendwa mke mwenzangu, Mama Zainabu,

Salamu zangu leo utazisoma pamoja na watu wengi, kwa sababu nazituma kwenye kundi la ukoo, lile lile la kwenye simu ambalo wifi yetu wa Nandagala hutuma dua asubuhi na umbea jioni. Najua ungependa nikupigie tu tukaongea wawili. Lakini maneno waliyokusema yalisemwa mbele za watu, na majibu yake siwezi kuyanong'ona. Naandika kwa kidole gumba, nimekaa barazani kwako hapa Mbekenyera, mguu nimeunyoosha juu ya kigoda chako. Usinune, nitakifuta.

Kwanza habari unayoitaka. Jana nimetembea kutoka nyumbani hadi sokoni na kurudi bila mkongojo. Unyayo unanyanyuka wenyewe, hauburuzi tena. Ule moto uliokuwa ukiniwaka kuanzia chini ya goti mpaka juu ya vidole umepoa. Kimebaki kipande kidogo karibu na dole gumba ambacho nikikigusa naona kama nagusa mguu wa mtu mwingine. Daktari alisema hicho kinaweza kurudi, kinaweza kisirudi. Nikizikwa nacho hivyo hivyo, nitakuwa nimeshukuru.

Unakumbuka ulivyoanza? Tulikuwa shambani tunapunguza miche ya ufuta, tumechuchumaa tangu asubuhi, mimi nikikusimulia habari za harusi na wewe ukijifanya husikilizi. Nilipoinuka, mguu wa kulia ulikuwa umekufa ganzi. Nikajikongoja kuelekea kwenye maji, kandambili ikabaki nyuma na mimi sina habari. Wenzetu walicheka, nami nikacheka nao. Wewe hukucheka. Uliiokota, ukapiga goti ukanivika mwenyewe, halafu ukaniuliza, "Hukusikia imetoka?"

Niliona aibu. Mke mkubwa kumvika kandambili mke mdogo, mbele ya watu! Mimi nilipoletwa nyumba hii nilikuja nimejiandaa kwa vita. Mama yangu alinipa mafunzo ya kutosha kuhusu wake wenza, mengine hayaandikiki hapa. Nikafika nikakuta mwanamke anayenionyesha sufuria ipi inaunguza na kuku yupi ni mwizi, na kunieleza kwamba mzee wetu akinyamaza sana si hasira, ni tumbo. Silaha zangu zote nikakosa pa kuzitumia.

Baadaye ganzi ikageuka maumivu. Miaka mingi, Mama Zainabu, wewe unaijua. Nilichuliwa mafuta ya ufuta hadi ngozi ikang'aa. Nilimeza vidonge vya kila rangi. Nilipigwa picha ya mgongo, mgongo ukaonekana mzima, nikarudishwa nyumbani na mguu wangu unaowaka. Msimu wa korosho ukifika nilikuwa naokota kidogo, nakaa, naokota kidogo, nakaa, na watu wakaanza kusema bi mdogo anadeka. Kuna wakati hata mzee alinitazama kwa jicho hilo. Wewe ulimwambia, tena tukiwa kwenye chakula, "Mtu anayedeka halii akiwa peke yake jikoni." Mzee akaacha kutafuna. Mimi nilikuwa sijui kama umewahi kunisikia nikilia.

Ndipo wifi yetu akamleta yule mganga. Sitaji alikotoka, nisije nikaonekana natukana kijiji cha watu. Akaukanda mguu, akafumba macho, akasema nimekanyaga kitu kilichofukiwa mlangoni kwangu na mtu ninayekula naye sahani moja. Hakutaja jina. Hakuwa na haja, maana shingo zote ziligeukia kwako.

Nilidhani utalia au utaondoka. Ulikwenda nyuma ya nyumba ukarudi na jembe. Ukapandisha kanga, ukaanza kuchimba mlangoni kwangu mchana kweupe, watu wamejaa uani, huku ukisema, "Tuchimbe wote tukione. Nani mwingine ana jembe?" Hakuna aliyejitokeza. Ulichimba mpaka mlango wangu ukawa kama shimo la choo. Ukatoa gunzi la muhindi, soli ya kiatu, na kijiko cha plastiki cha rangi ya bluu.

Wifi akapiga ukelele, "Hicho hapo!" Watu wakarudi nyuma. Mimi, maumivu yote yale, nilicheka hadi nikakaa chini, maana kilikuwa kijiko cha uji cha Rashidi wangu, alichokipoteza akiwa bado anatambaa, na nilikuwa nimemchapa mbwa wa jirani kwa ajili yake. Nikasema hivyo kwa sauti. Lakini nani alitaka kusikia habari za uji? Kijiko kilibebwa kwa kijiti, kikaenda kuchomwa moto, na jioni ile jina lako lilikuwa limeshavuka hadi vijiji vya mbele.

Na wewe ukaufukia mlango wangu, ukaushindilia vizuri, ukanawa mikono. Ukaniambia, "Kama nimekuroga mimi, basi na kukutibisha nitakutibisha mimi. Fungasha nguo."

Safari ile naikumbuka yote. Bodaboda mpaka mjini Ruangwa, wewe umekaa nyuma yangu umenishikilia nisianguke. Kisha gari hadi Nanganga, tukasubiri pale njia panda basi la kutufikisha hospitali ya rufaa, nimelaza mguu mapajani mwako na wapita njia wanatuangalia. Ulikuwa umechemsha ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, ukawa unanimenyea. Kila gari likipita kwenye tuta nilikuwa nakuminya mkono, na wewe ulikuwa unasema tu, "Minya, mkono wenyewe si wa kuolewa tena."

Kule hospitali ya rufaa tulizungushwa vyumba kadhaa mpaka tukamfikia yule daktari mwembamba mwenye sauti ya chini. Yeye hakuutazama mgongo. Aligonga kwa kidole hapa pembeni, chini kidogo ya goti, na mimi nikapiga kelele, umeme ukashuka mpaka vidoleni. Akagonga tena, nikamtukana. Hakukasirika. Akauliza kazi zangu huwa nazifanya nimekaaje. Mimi sikujua pa kuanzia, wewe ukachuchumaa pale pale sakafuni ukamwonyesha tunavyopunguza miche na tunavyotenganisha korosho na mabibo. Halafu ukashindwa kuinuka. Daktari na muuguzi wakakunyanyua kila mmoja kwapa lake, na wewe ukawaambia, "Sasa mmeelewa."

Akatueleza taratibu. Kwamba pale kuna mshipa wa fahamu unaopita juu ya mfupa, kwamba umebanwa na nyama zilizokakamaa, na kila nikichuchumaa unabanwa zaidi. Kwamba akifungua na kuulegeza, maumivu yanaweza kuondoka. Na akasema jambo lingine, ambalo wewe na mimi tulilisikia kwa masikio yetu na namwomba wifi yangu alisome taratibu: mshipa uliokandamizwa kwa miaka hauamki siku moja. Utachukua miezi, alisema, na utaamka polepole kutoka juu kwenda chini.

Asubuhi ya upasuaji niliogopa. Nilianza kukuusia habari za Rashidi, nani amlee, shamba lipi liwe lake. Ukanikatiza. Ukasema, "Ukifa nitabaki na yule mzee peke yangu, na mimi nimeshamchoka. Usinifanyie hivyo." Niliingizwa chumba cha upasuaji nacheka, muuguzi akadhani dawa imeshaanza kufanya kazi.

Ulinilisha, ulinisafisha, ulinipeleka chooni ukiwa umenikumbatia. Yule mama wa kitanda cha jirani akakuuliza kama wewe ni dada yangu. Ukamjibu, "Mke mwenzangu." Wodi nzima iligeuka kututazama. Kuanzia hapo kila nilipokunywa uji wako yule mama alikuwa akinitazama, anangoja nianguke. Siku tunaondoka alikuja kukuomba umpikie na yeye.

Nyumbani ndiko kulikokuwa na kazi. Watu walikuja kunipa pole, na kila mmoja akauliza kwa sauti ndogo, "Walitoa nini?" Nikawaambia hawakutoa kitu, walilegeza tu. Ungewaona nyuso zao. Walitaka sindano, nywele, walau mfupa wa paka. Na wewe hukuwajali. Kila asubuhi na kila jioni ulizungusha kanga kwenye unyayo wangu ukauvuta taratibu kama daktari alivyotuonyesha, huku ukiusemesha mguu. "Haya mwanangu, nyanyuka. Nyanyuka tukutoe mwali." Mguu ulikuwa hausikii, na wewe ulikuwa huchoki.

Halafu Zainabu akajifungua huko Nachingwea. Ukaenda kumlea mzazi, kama mama yeyote anavyofanya. Uliniachia unga umesagwa, kuni zimepangwa, na maagizo ya kunitosha mwaka mzima. Haikupita muda, nimekaa hapa hapa barazani najivuta kwa kanga yako, dole gumba likanyanyuka. Lenyewe! Nikalitazama, likanyanyuka tena. Nilikupigia simu nikashindwa kusema, wewe ukaelewa, ukapiga vigelegele hadi mjukuu wetu akaamka analia.

Furaha ile hatukuachiwa. Wifi yetu alikuja, akautazama mguu unavyocheza, akapiga makofi. "Si mnaona? Kaondoka tu, mguu umepona." Na kwa jinsi watu wanavyopenda jambo lililonyooka, wakalichukua lote hivyo hivyo. Kijiko kilichimbuliwa, mwenye kijiko akaondoka, mgonjwa akainuka. Habari za mshipa ni ndefu, tena hazina adui.

Arobaini ya mtoto ikaisha, nikakungoja. Ukasema Zainabu bado dhaifu. Ukasema mvua zimeharibu njia. Ukasema utaona mwezi ujao. Mimi nikanyamaza nikijua kuna kitu, mpaka juzi Zainabu alipochoka kunificha akaniambia ulichomwambia: "Nikirudi, na mguu ukamuuma hata kidogo, watasema nimekuja kuurudisha ugonjwa. Acha nikae huku apone."

Mama Zainabu, nililia, na safari hii sikujificha jikoni. Yaani umejifungia nje ya nyumba yako mwenyewe kwa ajili ya unyayo wangu. Mlango wako una kufuli, kuku wako wanalala kwangu, na mimi natembea kwa mguu ulioupigania wewe kupita mbele ya mlango huo kila siku. Nashukuru mpaka nashikwa na hasira. Sijui kama kuna mtu mwingine amewahi kuwa na shukrani ya namna hii.

Kwa hiyo nasema mapema, ukoo wote mpo. Mguu huu huwa unauma. Uliniuma wiki iliyopita kulipokuwa na baridi ya asubuhi, na Mama Zainabu alikuwa Nachingwea. Uliniuma nilipotoka sokoni jana, na alikuwa Nachingwea. Utauma tena siku nyingine, awepo asiwepo, mpaka mshipa utakapomaliza kuamka, na pengine hata baada ya hapo. Daktari ndiye aliyeufungua. Aliyenibeba mpaka kwa daktari, akanilisha, akanivuta mguu kwa kanga wakati nyinyi mnauliza kilichotolewa, ni huyu mnayemwita mchawi. Wifi yangu, nakupenda, ulinishikia taa nilipokuwa najifungua Rashidi na sitasahau. Lakini hili ulikosea, na utalisahihisha kwa mdomo ule ule.

Mzee wetu nimemsomea barua hii kabla ya kuituma. Alikohoa sana. Akaniomba niondoe pale unaposema umemchoka. Sijapaondoa. Halafu akasema ataagiza bodaboda akulete, nikamwambia akae atulie, alikuwa na muda wa kusema tangu siku ya jembe na hakuutumia. Akainamisha kichwa. Amekubali, na amekwenda kuziba pale bati lako linapovuja.

Dada yangu, Ijumaa nakuja kukuchukua mwenyewe. Mwambie Zainabu asihangaike kupika. Nataka kumshika mjukuu na kumwona kama kweli amechukua masikio yako, Mungu amwepushe. Kisha tutapanda gari la mchana turudi, tushuke pale sokoni watu wakiwa wamejaa, twende nyumbani kwa miguu. Nitakuegemea bega njia nzima. Sitakuwa na haja ya kuegemea, lakini nitaegemea, wanione. Na usiku huo mguu ukiniuma, sitauma kanga kimya kimya kama zamani. Nitakuita kwa sauti, jina lako lote, majirani wasikie ninayemwita nikiumwa ni nani.

Ubaki na afya mpaka nitakapofika,

Mdogo wako na mke mwenzako,
Mama Rashidi