Ondieki Amekamatwa Amerika

Scarborough, 12 Februari 2012

Wifi yangu Kwamboka,

Nakusalimu wewe, na mama, na yeyote aliye karibu nawe unaposoma. Presha ya mama inaendeleaje, na macho je? Mimi na Wayne tu wazima, ila mdogo wake Melissa ana mafua, na baridi ya huku haina adabu. Wateja wa cherehani natumaini hawajakukimbia.

Jumapili iliyopita kanisani, mama mmoja wa Nyamira alinishika mkono akanipa pole. Nikamuuliza pole ya nini. Akashtuka, akaona ameropoka. Kumbe kaka yako Nyakundi anaoa Desemba huko Kisii, harusi ya kanisani, bibi harusi na shela. Miaka minne tangu aniage kwamba anakwenda Minnesota kuangalia kazi na atarudi karibuni, kitovu cha Melissa hata hakijadondoka. Tangu hapo hata salamu sijapata.

Nimempigia mchungaji wenu. Aliniambia kwa upole kwamba ndoa yetu ilikuwa ya kimila, kanisa halikuiandika, kwa hiyo kwake Nyakundi ni kijana hajaoa. Ila kama nina ushahidi kuhusu tabia yake, nimletee. Alinipa kisu bila kujua.

Kazini nina rafiki Mrundi, Donatienne, tunahudumia wazee pamoja. Aliwahi kuishi Minnesota. Ananiambia kule kila kaunti ina ukurasa wake wa watu waliokamatwa, na yeyote anaweza kuusoma kwenye kompyuta: jina, picha, kosa, tarehe. Huku Kanada sahau. Nilikwenda kituo cha polisi nikauliza, dada wa kaunta akanitazama kana kwamba nimeomba kupekua sanduku lake la nguo. Kwa Wamarekani mambo yako peupe.

Na Nyakundi namjua. Akionja bia mbili lazima ashike usukani. Hawezi kumaliza miaka minne kule bila kusimamishwa na askari. Shida ni kwamba kila kaunti iko kivyake, hakuna pa kutafutia zote kwa pamoja. Nimeandika Nyakundi mpaka vidole vimechoka. Nimewaona kina Nyakundi wanene kwa wembamba, hakuna aliye wangu. Nahisi anatumia jina lingine. Wewe ni dada yake, niambie ni lipi. Nataka picha yake iwe mezani kwa mchungaji kabla ya Desemba, basi.

Ni mimi wifi yako,
Wakesho


Kisii, 3 Machi 2012

Wifi yangu Wakesho,

Barua pepe yako niliisomea saiba nikiwa nimesimama, viti vyote vimekaliwa na vijana wa Facebook. Mama anakusalimu. Presha imetulia, lakini mtoto wa jicho amefunika macho yote mawili, sasa anatujua kwa sauti na kwa mwendo wa miguu. Mpe Melissa tangawizi.

Pole, wifi. Nimesikia habari zako mpaka moyoni. Lakini unaniomba nimtoe kaka yangu kwa mkono wangu mwenyewe. Miaka yote wewe Mtaita na mimi Mkisii tumeelewana kwa Kiswahili, ila hili sijui nikuambie kwa lugha gani. Nyakundi alikukosea, nami nilimgombeza kwa simu mpaka akanikatia. Bado tumenyonya ziwa moja.

Tena kukamatwa si kufungwa. Hapa kwetu askari wakipita Ijumaa wanazoa hata aliyetumwa mkate, Jumatatu wote wako nyumbani. Hiyo karatasi itamwambia mchungaji nini? Na sisi tunaambiwa baada ya uchaguzi wa mwakani tutapata kaunti zetu. Kama kazi ya kaunti ni kuanika sura za watu, wanaume wa Kisii watahamia Tanzania.

Nimejaribu kukuchekesha. Achana naye, wifi, lea watoto.

Wifi yako akupendaye,
Kwamboka


Scarborough, 20 Machi 2012

Kwamboka,

Hatujambo. Natumaini nanyi hamjambo.

Hukusema hana jina lingine. Ulisema hutaniambia. Nimekuelewa.

Tofauti ya kukamatwa na kufungwa naijua, Donatienne amenifundisha vizuri. Rekodi ya kukamatwa inasema tu kwamba polisi walimshika kwa kumshuku. Yaliyofuata yako mahakamani, ukurasa mwingine kabisa. Lakini mimi sitafuti haki. Ningetaka haki ningekwenda kwa wakili. Nataka aone haya mbele za watu, kama nilivyoona haya mimi kliniki kila nilipoulizwa baba wa mtoto yuko wapi nikajibu yuko kazini.

Endeleeni na ziwa lenu. Sitakusumbua tena.

Wakesho


Kisii, 9 Septemba 2012

Wifi yangu Wakesho, kama bado unakubali nikuite hivyo,

Salamu za mama nimezikosesha adabu kwa kuchelewa kukuandikia, maana kila wiki ananiuliza habari zenu nami namdanganya kwamba umeandika. Afya yake ni ile ile. Ninyi je? Wayne anasoma?

Nyakundi alikuja Agosti kumtambulisha mchumba. Tulipika, wajomba wa msichana wakaja, tukakaa vizuri. Mjomba mmoja akaiona ile picha ya Wayne na Melissa ukutani, akauliza ni watoto wa nani. Kaka yangu akajibu bila kumeza mate kwamba ni watoto wa mwanamke mmoja aliyekuwa akimsaidia Kanada, si wake. Mama alikuwa amekaa pale pale. Haoni, lakini masikio yake ni mazima. Wageni walipoondoka aliniomba niitoe picha ukutani nimpe, akaenda kulala nayo.

Basi chukua. Tafuta Ondieki Mokua.

Ndiye yule kitinda mimba wetu ambaye hukuwahi kumwona, aliyekufa ajalini mwaka 2007. Alikufa na pasipoti yenye viza ya Amerika ambayo hakuitumia. Walifanana na Nyakundi kama pacha. Nyakundi alipokuja mazishini aliondoka nayo. Nilimwona akiitia begini, nikadhani anachukua ukumbusho wa mdogo wake. Mwaka uliofuata akanipigia kutoka Minnesota, akanionya nikiwa na barua yake niandike juu jina la Ondieki. Mama hajui lolote.

Mkomeshe.

Wifi yako,
Kwamboka


Scarborough, 6 Oktoba 2012

Wifi yangu wa dhati,

Salamu kwako na kwa mama, mbusu mikono yote miwili. Wayne anasoma, Melissa ameanza shule, nami leo nina nguvu za watu wawili.

Nimempata. Picha imejaa ukurasa: kola imepinda, shavu limevimba, na lile tabasamu lake la kumbembeleza askari. Chini yake wameandika Mokua, Ondieki. Amekamatwa kwa kuendesha gari akiwa amelewa, 04/07/2011. Nikasema ahaa, tarehe nne Julai, sikukuu yao, alikuwa akisherehekea taifa la watu. Donatienne akacheka, akanieleza kwamba kule mwezi hutangulia. Ni tarehe saba Aprili, siku ya kawaida tu, hana hata kisingizio.

Nikampigia simu karani wa mahakama ya kaunti hiyo. Alinijibu kwa heshima kwamba kesi ilifutwa, hakuna hatia. Kisheria huyo bwana ni msafi. Ukurasa unaosema hivyo ninao, na sikutumii. Ninakutumia wenye picha. Uchapishe hapo saiba, umpelekee mchungaji. Akisoma jina atashangaa, akitazama sura ataelewa mwenyewe: mlevi, na mwizi wa jina la maiti. Nimecheka peke yangu jikoni. Mungu atanisamehe baadaye, kwa sasa sijamwomba.

Wifi yako,
Wakesho


Kisii, 4 Novemba 2012

Wifi yangu,

Sina salamu za maana. Soma polepole.

Mchungaji alikuwa safarini, nikaacha karatasi kwa mzee mmoja wa kanisa ndani ya bahasha. Mzee huyu ni mgeni, amehamia juzi kutoka Migori, hajui nani wetu alikufa. Unajua kwetu kila Jumapili husomwa majina ya wagonjwa na wafungwa ili waombewe. Alifungua bahasha, akaona mtu wa jina la nyumba yetu amekamatwa, akadhani tumeleta ombi. Mimi nimekaa na mama benchi la mbele, nasikia anasoma: tumwombee Ondieki Mokua, mwana wa mama yetu, ambaye amekamatwa na polisi wa Amerika.

Mama akasimama. Akauliza kwa sauti, kanisa zima likasikia, "Ondieki yuko hai?"

Wifi, jeneza la Ondieki hatukulifungua. Gari lilikuwa limemharibu uso, wazee wakakataza. Kwa hiyo mama amepata pa kushikia. Anasema siku zote alijua hatukumzika mwanawe. Amenifanya nitandike kitanda cha Ondieki. Anauliza jela za Amerika wanakula nini, kama wanapewa blanketi. Presha imeshuka, anaimba, amekuwa msichana. Karatasi yenyewe amelala nayo pamoja na picha ya watoto wako, na hawezi kuona sura iliyoko juu yake.

Kila asubuhi nafungua mdomo nimwambie, nashindwa. Nifanyeje?

Wifi yako,
Kwamboka


Scarborough, 5 Novemba 2012

Wifi yangu,

Nimelia kwenye basi mpaka abiria wakanipisha kiti. Sikumlenga mama. Ningejua ningeichana ile karatasi.

Lakini wewe usimwambie, wala mimi sitapiga simu. Aliyelibeba jina la Ondieki ndiye alirudishe kwa mkono wake mwenyewe. Mwache aje na suti yake ya harusi, akute mama ametandika kitanda. Simwonei huruma, na nikikudanganya kwamba namwonea utanijua tu.

Kaa karibu na mama.

Wifi yako,
Wakesho


Kisii, 2 Januari 2013

Wifi yangu Wakesho,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa watoto. Mama anapumua, anakula kidogo. Nimechelewa kwa sababu mambo yenyewe nilikuwa sijayaamini.

Nyakundi alifika wiki ya harusi. Habari za kanisani alizikuta njiani, akaingia akijifanya hajazisikia. Wajomba wa msichana walikuwa sebuleni, mchungaji naye. Mama akamwambia asogee. Akamshika mashavu, akamuuliza kama huko Amerika amemwona mdogo wake, kwa maana kanisani imesomwa kwamba yuko hai.

Kaka yangu akatutazama mmoja mmoja, nasi tukamtazama. Hakuna aliyemwokoa. Mwisho akasema, "Mama, ni mimi. Nilitumia jina lake tu, kwa ajili ya kazi. Ondieki alikufa."

Nilisogea kumshika mama, akaniondoa mkono. Alipapasa meza, akaweka kikombe chake chini. Kisha akaongea Kikisii cha taratibu, kile cha kuongea na wazee:

"Polisi wa Amerika wameandika Ondieki yuko hai, na picha yake wameweka. Basi tuliyemzika ni Nyakundi. Wewe Ondieki, kaka yako ameacha mjane na watoto wawili Kanada. Hutaoa mtu mwingine kwangu kabla hujawatunza hao."

Nyakundi akacheka kidogo, akatwambia uzee umemwingia mama kichwani. Haukumwingia, wifi. Mimi nilikuwa karibu naye, nilimwona taya zilivyokaza. Nyakundi akapiga magoti, akarudia kwamba ni yeye, Nyakundi, kifungua mimba wake. Mama akamjibu, "Nyakundi nilimmwagia udongo kaburini kwa mkono wangu."

Mjomba wa msichana akasimama, akamuuliza mchungaji kesho anamfungisha ndoa nani kati ya hao wawili. Mchungaji akaomba kuona pasipoti. Kaka yangu hakuitoa. Wageni waliondoka bila kumaliza chai, msichana akilia, na harusi haikuwapo. Nyakundi aliondoka siku ya pili yake. Mama hakutoka kumuaga.

Ulichokitaka umekipata, na mimi niliyekusaidia nimekipata. Ila nikuambie yote. Walipotoka, mama alijifungia chumbani, nikamsikia akiwalilia wote wawili, kila mmoja kwa jina lake. Kitanda cha Ondieki bado kimetandikwa. Nimeogopa kukigusa.

Wifi yako,
Kwamboka


Scarborough, 17 Machi 2013

Wifi yangu Kwamboka,

Salamu kwako, na kwa mama salamu za mkamwana wake. Mwambie jina la Ondieki silitamki tena hovyo, nitalitamka kwenye sala. Watoto wazima, mimi pia ni mzima wa mwili.

Jana kengele ya mlango wa chini ililia. Nikabonyeza kuuliza ni nani. Akasema, "Ni mimi, Nyakundi. Nifungulie, baridi inaniua."

Miaka mitano nimeyapanga maneno ya siku hiyo. Nikikunja nguo nayapanga, nikiosha wazee nayapanga. Yote yakayeyuka, yakabaki ya mama. Nikamwambia Nyakundi tulishamzika, nikaachia kitufe. Akabonyeza tena na tena, akiita jina langu, kisha la Wayne, kisha akanyamaza. Nilikwenda dirishani nikamwona anavuka barabara kwenda kituo cha basi, mabega yamejaa theluji. Nilifurahi, wifi. Sikufichi.

Nilipogeuka, Wayne alikuwa amesimama kwenye korido. Ana miaka kumi sasa, na unajua watoto wa huku, nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, hata akiwa mgonjwa. Akaniuliza ni nani. Nikamwambia ni mtu amekosea mlango.

Akaniambia kwa Kiswahili, "Mama, hiyo sauti naijua."

Akaenda kuvaa viatu.

Ni mimi wifi yako,
Wakesho