Kidole cha Mjomba

Kasur, 4 Februari

Dada Shagufta,

Ndiyo, umesikia sawa, ni kinyesi cha watoto wachanga, na nalipwa mshahara. Asalaam aleikum kwanza. Mimi mzima, mgongo tu. Hilo tumbo lako linaendeleaje?

Kila asubuhi napiga hodi nyumba kwa nyumba na sanduku la barafu, nakusanya nepi chafu kwa ajili ya watafiti. Mtaani wanadhani nauza aiskrimu. Sasa sikiliza. Daktari Zartasha, mkuu wa utafiti wetu, anasema mtoto akizaliwa, tumbo lake ni nyumba isiyo na wapangaji. Siku zile za kwanza ndipo bakteria wanahamia, mamilioni, na wanaowahi wanaufundisha mwili nani rafiki, nani adui. Wakiwahi wabaya, mtu anaweza kuja kusumbuka ukubwani: pumu, kisukari, unene. Nikamuuliza, yaani kitambi changu kilianza nikiwa na siku tatu? Akasema, "Tufail, chako ni paratha, hizo chapati zako za samli."

Si yote ana uhakika nayo, ndiyo maana anataka nepi. Lakini mawili anayasema bila kupepesa macho: mtoto mchanga asilambishwe asali, na dang'a, yale maziwa ya manjano ya mwanzo, asikose.

Kakako Tufail

Kijijini, 19 Februari

Kaka Tufail,

Waaleikum salaam. Miguu imevimba, mengine salama. Mkunga anasema ni wiki hii.

Umeniletea vita. Mama mkwe ameshanunua asali ya ghutti, ile ya kumlambisha mtoto kwa kidole kabla hajanyonya, na amekuchagua wewe umlambishe. Anasema mtoto hufuata tabia ya aliyemlambisha. Mwanangu mkubwa alilambishwa na yule shemeji wa kununa, na ukimwona leo utadhani ni pacha wake. Huyu anataka awe na mdomo kama wako. Nilipomsomea barua yako akacheka. Eti dang'a imelala kifuani miezi tisa, imechacha, itakamuliwa imwagwe siku tatu, kama alivyofanya kwa wanawe saba.

Saba, kaka. Wawili aliwazika kabla ya arobaini, na hilo halizungumzwi.

Ukikataa, atamwita shemeji. Nifanyeje?

Dadako Shagufta

Kasur, 20 Februari

Dada,

Asalaam aleikum, ya afya utaniambia nikifika. Barua hii anakuletea konda wa basi la asubuhi, mimi napanda la kesho. Nimemuuliza daktari, na kwa jibu lake nikaruka kwa furaha hadi sanduku likaanguka. Kumbe kesi ni ya asali. Kidole hakina kesi kikioshwa kwa sabuni!

Msomee mama mkwe hii kwa sauti.

Mama, shikamoo. Huu mdomo unaoutaka haukutoka kwenye asali. Nilipozaliwa, nyumbani asali haikuwepo, marehemu mama akanilambisha maziwa yake, manjano vilevile, na matokeo unayaona: nauza hata nisichokuwa nacho. (Dada, hapo usicheke.) Basi tufanye biashara. Nitamlambisha mimi, mbele ya ukoo mzima, dua uombe wewe. Bakulini iwe dang'a ya Shagufta, na siku zote tatu lisimwagwe hata tone. Mtoto akija kuwa mnunaji, nirudishie, nitamlea mwenyewe. Na asali yako tutaimaliza wewe na mimi kwa chapati moto. Ukikubali, mpe konda neno moja tu, nije na sabuni.

Mwanao Tufail