Nimekwenda Korogwe kumsemea Mwanaidi

Jumatatu jioni. Mvua haijakata toka asubuhi, matope kila mahali. Shati bado bichi mgongoni lakini sibadilishi kabla sijaandika. Nikipoa nitaogopa tena.

Majina yote humu nimebadilisha. Na hii sipandishi mtandaoni mpaka kesho ipite.

Mwanaidi ni jirani yangu. Ni mtu mzima, kanizidi umri, namwita dada. Alizaliwa na ulemavu wa akili. Maneno yake machache ila anaelewa. Mama yao alipofariki kabaki na kaka yake, Bakari. Na huyo Bakari ndiye mwenye uwanja nilipoweka kibanda changu cha kuziba pancha, kwa hiyo nikiwa kazini naona kila kitu. Akienda shamba alikuwa anamfunga dada yake mguu kwa kamba ya katani, kwenye nguzo ya banda la mbuzi. Akirudi akikuta kajikojolea, anampiga.

Mi sio muongeaji. Hata mteja akinizidi maneno nanyamaza tu. Ndo maana mwanzo nilimtuma Mzee Singano. Yeye Msambaa, sisi na kina Bakari Wazigua, kwa hiyo ni mtani wetu. Na mtani anaruhusiwa kusema lolote, huwezi kumkasirikia. Nikaona hapo ndo penyewe. Aseme yeye.

Akasema kweli, msibani, watu wamejaa.

"We Bakari! Dada yako umemfunga na mbuzi, unamnenepesha awe wa Idi?"

Watu wakacheka. Bakari kacheka kuliko wote. "Njoo na wewe nikufunge, Msambaa, labda utatulia!" Wakacheka tena, wakaendelea kula.

Nilikosea hapo. Mtani huwezi kumkasirikia, lakini pia hakuna anayekulazimisha umjibu. Ikaishia utani.

Toka siku ile Mwanaidi hafungwi tena nje. Anafungiwa ndani, dirisha limepigiliwa mbao. Namsikia anaita. Juzi mlango uliachwa wazi kidogo nikauona mguu wake. Kamba imekula nyama.

Nikajua nisipokwenda mwenyewe atafia mle.

Leo nimefika ofisi ya ustawi wa jamii Korogwe, nikashindwa kuingia. Nimesimama tu kwenye mvua, watu wanaingia, wanatoka. Mpaka dada mmoja akachungulia mlangoni. "Kaka, unalowa bure. Una shida au unamsubiri mtu?"

Kumbe ndo ofisa mwenyewe.

Nimemweleza huku naangalia sakafu. Nikamwambia naogopa naingilia mambo ya familia ya watu. Akasema hapana, sheria ya watu wenye ulemavu inamtaka jirani akiona mambo kama haya atoe taarifa serikalini. Na kumfunga mtu na kumpiga ni kosa la jinai, kuwa ndugu yake hakufuti kosa. Ningeweza hata kuanzia kwa mtendaji wa kijiji, au dawati la jinsia pale polisi. Mi nilikuwa najua polisi unakwenda ukiibiwa.

Kesho wanakuja, yeye na polisi. Mwanaidi atapewa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, atibiwe mguu. Bakari atachukuliwa akahojiwe.

"Ana ndugu mwingine?"

Nikasema yupo dada yao mkubwa, Handeni. Namba yake ninayo, kapigiwa pale pale. Sauti yake nimeisikia mpaka nilipokaa. "Kila nikipiga Bakari ananiambia kalala! Mleteni kwangu, hata sasa hivi mleteni!"

Lakini ofisa akamwambia hawezi kumbeba tu kama mzigo. "Ni mtu mzima, mama. Kwanza tutamuuliza mwenyewe anataka kuishi wapi."

Hilo sikulitegemea. Sijawahi kusikia mtu anamuuliza Mwanaidi anataka nini. Hata chai.

Kuhusu mimi, kasema jina langu hawatalitaja, na si lazima kesho nionekane. Ila kesi ikifika mahakamani naweza kuitwa nitoe ushahidi.

Si lazima. Njia nzima nimerudi nalifurahia hilo neno.

Halafu nimefika nyumbani nikawaza. Mwanaidi akiona wageni anajificha uvunguni. Askari amuulize nini pale? Hatajibu, wataandika hana la kusema. Mimi ananijua. Alikuwa ananishikia pampu nikijaza upepo, anacheka peke yake.

Bakari akiniona nao, kibanda basi tena. Vifaa nimeshavitoa jioni hii. Pa kuhamia sijui bado, nitapatafuta.

Kesho naingia nao mle ndani. Nitachuchumaa pale alipo nimuulize mimi: dada, unataka kwenda Handeni? Na sitanong'ona. Bakari naye asikie.