Jina Lililoonekana Kwenye Simu ya Mkurugenzi

Jumatatu, 1 Machi 1999

Ninaandika daftari hili kwa sababu moja: tarehe 31 kipindi changu cha majaribio kazini kinamalizika, na siku hiyo nitaulizwa nimefanya nini. Nataka niwe na majibu yenye tarehe. Hakuna mwingine atakayelisoma.

Kazi niliyokabidhiwa ni mtambo mpya wa simu wa kiwanda. Ekstensheni arobaini na mbili, kutoka getini hadi mwisho wa godauni la magodoro. Kila simu ina kioo kidogo kinachoonyesha jina la anayepiga! Waliotuuzia wanasema miaka ijayo sauti zitapita kwenye waya uleule wa kompyuta. Nimekisoma kitabu cha maelekezo mara mbili, na penye umuhimu nimepiga mstari kwa rula.

Jumatano, 10 Machi

Majina yote yameingia. Kioo hupokea herufi kumi na mbili tu, hivyo nimelazimika kufupisha. MFAUME STOO. MKURUGENZI. ZUENA.

Mkurugenzi, Bwana Gozbert, amefurahi mno. Ana majuma matatu tu tangu aletwe na wamiliki wapya, na sauti za watu bado hazijui. Sasa hana haja ya kuzijua — ndivyo alivyosema. Akanisemesha Kihaya mbele ya wafanyakazi. Nilimjibu kwa Kiswahili. Hata hivyo, wote walisikia.

Bi Zuena, opereta wetu wa miaka kumi na tisa, alikitazama kioo. "Haya, binti injinia. Jina nimeliona. Na mwenye mafua nitamjuaje?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nimeagizwa kuandika ripoti: je, kiwanda bado kinahitaji opereta?

Ijumaa, 12 Machi

Asubuhi. Mzee Mfaume wa stoo alinijia. Kila Ijumaa akienda msikitini simu yake hubaki ikilia. "Kama yatima, mwanangu." Aliomba simu zake ziende kwa Yuliana, karani wa ofisi ya pili, hadi atakaporudi. Nusu dakika tu! Ekstensheni 214 kwenda 210. Akaniombea dua nipate mume mwenye gari. Nilimwahidi kuirudisha saa nane.

Jioni. Sijui nianzie wapi.

Saa tisa na dakika kumi simu ya Mkurugenzi ililia. Kioo: MFAUME STOO. Akanyanyua. Kabla hajasema lolote, sauti ikamvamia: "We mzee, bado hujafa tu? Sanda nimeshanunua, ubani nimeshanunua, unanichelewesha!" Mkurugenzi akauliza kama aliyepiga anajua anaongea na nani. "Naongea na maiti!" Kicheko, simu ikakatwa.

Mzee Mfaume akaitwa, nami nikaitwa. Aliposomewa maneno yale — akacheka. Akacheka, mbele ya Mkurugenzi! Akasema huyo ni Twaha, mtani wake, Mnyamwezi mwenye duka la spea Buguruni. "Mie Mzaramo, mkubwa. Kila Ijumaa lazima aniulize nimekufa au bado. Asiponiuliza ndio nitaogopa."

Mkurugenzi akasema utani anaufahamu. Asichofahamu ni jinsi mtu wa Buguruni alivyopiga kwa simu iliyomo ndani ya stoo yenye kufuli. Kama ni Twaha, basi ameingizwa stoo na Mfaume. Kama si Twaha, ni Mfaume mwenyewe. Kosa ni lilelile.

Bi Zuena akaja bila kuitwa. Alieleza kwamba Twaha alipiga kutoka nje, naye kwa mkono wake akamuunganisha na stoo.

Hapo Mkurugenzi akanigeukia. Mtambo unaweza kukosea?

Nilisimama wima. Nilisema: "Hapana, Mkurugenzi. Mtambo huandika kile kinachotokea."

Bi Zuena alinitazama mara moja tu.

Jumamosi, 13 Machi

Tunafanya kazi nusu siku. Nilifika saa moja na nusu, ofisi tupu. Nilitaka kuchapisha kumbukumbu za simu za Ijumaa nizibandike kwenye ripoti yangu. Ripoti nzuri. Kurasa sita.

Kumbukumbu inasema hivi: saa 9:10, simu ya nje, kupitia opereta, kwenda 214. Kutoka 214 ikahamia 201.

201 ni Mkurugenzi. Yuliana ni 210.

Nilibonyeza vibaya. Mimi. Kisha saa nane nikasahau kuirudisha, kwa sababu saa nane nilikuwa nikiandika ripoti ya jinsi mtambo ulivyo bora! Mzee wa watu alikuwa amesharudi, amekaa stoo, simu yake mbele yake, kimya.

Na ile habari ya jina — ukurasa wa themanini na nane, mstari wa rula: simu ikihamishwa, kioo huonyesha jina la ekstensheni iliyoihamisha, si la aliyepiga. Niliisoma. Nikaipigia mstari!

Nikaliondoa hamisho lile palepale. Mkono ulitangulia akili. Sasa 214 inalia stoo kama kawaida, na yeyote atakayekagua ataukuta mtambo msafi.

Karatasi iliyochapishwa nimeikunja. Imo humu, katikati ya daftari.

Jumapili, 14 Machi

Misa. Sikupokea komunyo. Shangazi aliuliza kama ninaumwa. Nilisema ni tumbo.

Jumatatu, 15 Machi

Mzee Mfaume amesimamishwa kazi. Tangazo limebandikwa getini, limegongwa muhuri. Miaka ishirini na miwili kiwandani. Amebakiza miwili astaafu. Kamati ya nidhamu ikimtia hatiani, anaondoka bila chochote.

Nilikutana naye akirudisha funguo. Nilimwamkia, "Shikamoo." Akaitikia marahaba vizuri kabisa, kisha akanipa pole! Eti anajua kazi yangu ni ngumu, mashine za kizungu zina ukaidi. "Usinyong'onyee, mama injinia. Twaha akisikia atachinja kuku. Miaka yote anatafuta namna ya kunimaliza, leo kafanikiwa kwa simu."

Nilifungua mdomo. Yuliana akapita. Nikaufunga.

Mchana nilimfuata Bi Zuena kwenye chumba chake. Nilitaka kumuuliza jambo la kiufundi. Akaniwahi: "Mwanangu, mie sijasoma kama wewe. Ila simu ile niliiunganisha mie, ikaenda stoo. Baada ya hapo iliingia mikononi mwako. Sasa kaa ufikirie ilikopita."

Nilikaa. Nikamwonyesha karatasi.

Aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu kama ripoti ya opereta nimeshaikabidhi. Nilisema bado. "Kumbe una bahati," akasema, na akaendelea kupokea simu.

Jumanne, 16 Machi

Barua kutoka kwa katibu muhtasi: nitahudhuria kamati ya nidhamu kama mtaalamu. Nitathibitisha kwamba mtambo haukosei. Mkurugenzi amekwisha kuandika jibu langu. Mimi nitie sahihi. Alipita mezani pangu mwenyewe. Alisema baada ya kikao hatangoja tarehe 31, barua yangu ya ajira ya kudumu iko tayari. Akaongeza kwa Kihaya kwamba watu wa nyumbani hawaangushani.

Karatasi pekee haitoshi. Atasema imechapishwa na Zuena, au imechapishwa na mimi kwa kumhurumia mzee. Bwana Gozbert anaamini kioo. Basi na kioo kimwambie.

Saa kumi na moja, wenzangu walipotoka, nilirudi kwenye mtambo. Niliandika upya: 214 kwenda 201. Kosa langu, tarakimu kwa tarakimu, nimelirudisha mahali pake.

Kamati itaketi ofisini kwa Mkurugenzi, simu ikiwa mezani. Mzee Mfaume atakuwa kwenye kiti mbele yake, mikono mitupu. Bi Zuena atapiga stoo kutoka kwenye swichibodi, na simu itakayolia ni ya Mkurugenzi, kioo kikiandika MFAUME STOO. Nilipomwomba alisema tu, "Nimekusikia, Koku." Ni mara ya kwanza kuniita kwa jina.

Kuliondoa tena hamisho hilo ni kubonyeza vitufe vinne. Hakuna atakayejua. Ninaingia kazini saa moja na nusu. Nitakuwa peke yangu na mtambo kwa muda wa kutosha.

Jibu la Mkurugenzi liko hapa, chini ya kalamu. Nafasi ya sahihi ni nukta nukta.

Kikao ni kesho, Jumatano, saa nne kamili asubuhi. Bi Zuena atapiga saa nne na robo.