Unga wa Rangi Mbili Sikioni mwa Anitha

Alhamisi, saa tisa alasiri. Mawingu yamekaa juu ya Kibimba tangu asubuhi na hayajatoa hata tone. Niko ofisini, kwenye kompyuta ya shirika, na mikono yangu inanuka usaha ingawa nimenawa mara tatu.

Naandika hapa kwanza kwa sababu kwa mdomo nimeshindwa.

Anitha ni mtoto wa dada yangu, ana miaka sita. Mafua yalimshika wiki nzima, kisha sikio la kushoto likaanza kumuuma. Alilia kwa homa siku mbili, usaha ukatoka, maumivu yakapungua. Mama yetu akamkamulia sikioni majani yaliyopashwa moto, kama alivyotukamulia sisi. Usaha uliendelea. Harufu yake ikawafanya watoto wenzake wakae mbali naye.

Mimi ndiye niliyesoma. Dada hulisema hilo mbele ya wageni, na mimi hupenda kulisikia kuliko ninavyokiri. Basi nikaenda soko la kambi ya wakimbizi iliyo jirani, ambako sisi wenyeji na wao tunauziana kila kitu, nikanunua rangi mbili, zile dawa za unga ndani ya ganda, nusu jekundu nusu la njano. Zilikuwa zimetandazwa juu ya nailoni, juani. Nilifungua maganda, nikammiminia unga sikioni. Hapa kwetu watu huunyunyiza kwenye kidonda, nacho hukauka.

Siku ya tatu usaha ukakoma. Dada akapiga vigelegele. Nikamwambia mtoto amepona.

Usaha haukukoma. Niliuzibia njia.

Wiki mbili Anitha akawa anaongea kwa kupayuka. "Mama mdogo, mbona unaongea kama umetumbukia kisimani?" Tulicheka sote. Kisha homa ikarudi. Jana, nikimsuka nywele, nikaona nyuma ya sikio pamevimba na pana joto, na sikio lenyewe limesukumwa mbele.

Leo asubuhi tumempeleka zahanati ya kambi, ambako hata wenyeji tunapokelewa. Tabibu, kijana wa rika langu, alimulika ndani akasema kuna kitu kimeganda, haoni ngoma ya sikio. Akatueleza taratibu. Sikio linalotoa usaha hukaushwa kwa kitambaa safi kilichosokotwa, mara kadhaa kwa siku. Mtoto hupewa dawa aliyoandikiwa, na huimaliza hata akijisikia nafuu. Hakuna kutia kitu sikioni bila kuandikiwa. Lakini uvimbe nyuma ya sikio ni jambo jingine: usaha umeingia kwenye mfupa, na jirani ya mfupa huo ni ubongo. Aende hospitali leo hii, achomwe sindano, huenda na kupasuliwa.

"Mmetia nini humu?" akauliza.

Nilifungua mdomo. Mama akaniwahi.

"Majani, mwanangu. Nimetia mimi."

"Bibi, shikamoo nilishakupa, sasa nakugombeza. Unataka kumuua mjukuu wako?"

"Gomba tu, baba. Mimi sikusoma."

Dada akamtazama Mama kwa jicho ambalo sijawahi kuliona nyumbani kwetu.

Nikafunga mdomo.

Barua ya rufaa inasema majani ya kienyeji. Haitaji unga. Haisemi kwamba njia imezibwa wiki mbili, wala kwamba kuna mtu alitangaza mtoto amepona. Daktari wa hospitali ataanza kazi akiamini barua hiyo, na mimi ndiye niliyekabidhiwa kuibeba. Gari linaondoka saa kumi.

Nilipokuwa natoka zahanati kuja kuomba ruhusa ya kazi, mbuzi mmoja aliingia jikoni kwa watu akatoka na sufuria kichwani. Anitha, aliyebaki mlangoni pa zahanati na Mama na dada wakisubiri gari, akacheka.

Mdomo wake ulicheka upande mmoja tu.

Jicho la kushoto halikufumba. Tabibu hakuliona hilo, kwani alikuwa ameshamgeukia mgonjwa mwingine. Nami sikurudi kumwambia. Nilijiambia nawahi ruhusa.

Ruhusa nimeipata ndani ya dakika tano. Sasa ni saa tisa na nusu. Nitakwenda kwa tabibu, nitamwonyesha huo mdomo, nitamwambia aandike barua upya, Mama na dada wakiwa wamesimama hapo hapo. Dada akitaka asiniongeleshe tena, asiniongeleshe.

Lakini nusu saa hii niliyokaa naandika, nimemnyang'anya nani?